Maji Machafu Juu ya Kaburi

Jirani yetu alikuwa mjane wa Kimaasai. Tulimwita yeyo, mama, kwa sababu ndiye aliyetupokea tulipohamia Kitengela kutoka Machakos mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mama yangu hakujua Kimaasai, naye hakujua Kikamba. Walielewana kwa Kiswahili cha kuokotaokota na kwa maziwa ya kila asubuhi.

Nyumba za kupanga zilipoanza kujaa, watu wa baraza la wilaya walikuja kutafuta mahali pa kuchimba mabwawa ya majitaka. Walimwendea yeyo, kwa kuwa shamba lake lilikuwa pana na hakuwa na mume wa kuwauliza maswali. Wakamweleza kwa upole: bwawa la kwanza uchafu unazama, la pili jua linaua vijidudu, la tatu maji yanatoka safi kiasi cha kunyweshea nyasi. Nyasi! Ukame ulikuwa umemwachia ng'ombe wachache waliosimama kwa shida. Akakubali. Aliomba jambo moja tu, wachimbe ng'ambo ya kijito, mbali na kaburi la mumewe.

Walichimba upande wa huku, mlimani juu ya kaburi, kwa sababu ng'ambo kulikuwa na mwamba. Hakuna aliyerudi kumwambia. Aliamshwa na tingatinga.

Nisiseme uongo, mwanzoni mabwawa yalifanya kazi. Nyasi ziliota, maziwa yakawa mazito. Kisha malori ya kunyonya vyoo yakaanza kuja kutoka kila ploti, yakimwaga humo yalivyotaka. Tope halikuzolewa hata siku moja. Bwawa la kwanza likajaa, likamwagikia la pili, na harufu ikaingia mpaka kwenye chai.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo yeyo aliniomba nimsindikize kwenye ofisi ya baraza huko Kajiado. Tuliwekwa kwenye benchi mpaka mchana. Afisa alitusikiliza huku akikata kucha.

"Mama, hiyo ni harufu ya maendeleo," akasema. "Utazoea."

"Mume wangu amelala chini ya hayo mabwawa," yeyo akamjibu. "Mvua ikikuja?"

"Mvua ikikuja, na sisi tutakuja."

Ikaja ile mvua ya El Niño. Wao hawakuja. Ukuta wa bwawa la tatu ulipasuka asubuhi nikijiandaa kwenda shule. Nilipotoka nilimkuta yeyo amesimama katikati ya yale maji meusi, yamemfika magotini, akichimba mtaro ili ayapinde yasifike kaburini. Nilivua viatu nikachukua jembe letu, nikaingia. Udongo wa Kitengela ukilowa hauachilii jembe. Kila tulichochimba kilijifukia chenyewe. Maji yalipanda juu ya mawe ya kaburi, na karatasi za chooni zikaganda pale.

Yeyo aliacha jembe lake lianguke.

"Tuwache, mwanangu," akasema. "Ameshakunywa."

Baadaye aliomba kuihamisha mifupa. Afisa yuleyule alimwambia kwamba ardhi ile sasa ni mali ya umma, na kwamba kwenye ramani hakuna kaburi. Yeyo aliuza ng'ombe waliobaki, akahamia kwa binti yake huko Oltepesi. Mama yangu alimfungia mahindi na maharagwe ya njiani, wakashikana mikono.

Miaka kadhaa baada ya hapo mabwawa yalichimbwa upya, yakazungushiwa ua, na kaburi likabaki ndani ya ua. Siku ya ufunguzi niliagizwa nipeleke kwaya ya shule. Mgeni rasmi alisimama kwenye kipaza sauti akaishukuru jamii kwa kujitolea ardhi kwa moyo mweupe. Watu wakapiga makofi. Niliangalia kila uso pale, sikumwona hata mmoja wa ukoo wa yeyo, hawakualikwa.

Halafu waandalizi wakaniashiria, na watoto wangu wakaimba.