Brashi ya Skoti

Mimi Wafula wa Kanduyi, mtumishi wa nyumbani huku Kitale, nimejiaibisha kwa sababu ya mbwa. Memsahib aliniagiza nimpige brashi Skoti, kijibwa chake, kila asubuhi, viroboto watoke. Brashi zilikuwa mbili: moja ngumu, nyuma ya mlango wa jikoni, nyingine laini, ya mpini wa fedha, chumbani. Mbwa analala kitandani, anakula maini! Nikaona ile ngumu lazima ni ya viatu.

Jana memsahib alisimama mbele ya kioo akijikuna kichwa.

“Wafula, hii kiroboto natoka wapi?”

“Labda kanisani, memsahib.”

Akachukua brashi ya fedha. Skoti kuiona tu, akarukia kiti, akalala chali, miguu juu, tayari.

Memsahib akanigeukia polepole.