Nilimwambia Mama Ateme Kahawa

Mimi ni mjinga, na sijaona wa kunifikia. Nisikilize kwanza, halafu unicheke.

Miaka ya sabini, kahawa ya Uganda ikiingia kwa magendo, nilikuwa mlinzi wa bohari la tajiri mmoja hapa Malaba. Wanawake walichambua kahawa ndani, na jioni nikawapekua getini. Koti la kaki, rungu na kiburi! Malori ya magendo yalipita mbele yangu nikiyapigia saluti. Ujasiri wangu wote niliumalizia kwa akina mama. Mwanaume mzima!

Siku moja akatoka mama mgeni kazini, shavu moja limetuna.

"Mama, tema kahawa ya bosi!"

"Si kahawa, mwanangu. Ni nyama imeota ndani ya shavu. Niko nayo miaka mingi."

Wenzake walisema ni kweli. Nikawacheka. Nikaingiza kidole changu kichafu mdomoni mwake, nikakibana kile kivimbe na kukivuta. Damu! Ilimwagika hadi kwenye leso yake. Hakulia. Aliniangalia tu kama kinyesi cha kuku mlangoni. Wenzake wakampeleka hospitali ya misheni, mimi nikaenda kunywa chai. Ndiyo, chai!

Baadaye nilienda Khunyangu na wazee wetu kumposa Nekesa, msichana niliyempenda kufa. Kwao, senge, yaani dada ya baba, asipokubali hakuna harusi. Senge akaitwa. Mungu wangu! Ni yule mama!

Shavu lake sasa lilikuwa sawa na lile lingine.

"Daktari alitoa," aliwaambia wazee wetu polepole, baada ya kuwasimulia ya pale getini. "Alisema ni uvimbe wa misuli ya mshipa wa damu, ndio maana damu ilitoka vile. Si kansa. Kahawa hakuona."

Kisha akanigeukia. "Sasa wewe, bosi, fungua mdomo. Sema umekuja kutafuta nini hapa."

Wazee wetu wakachukua kofia zao bila kuniangalia. Nekesa aliolewa Amagoro, mimi nikarudi kwa rungu langu.

Nyinyi vijana mnaopewa geti na koti la kaki, mkimwona mtu ana uvimbe usoni, mwambieni pole, apite. Na kama mkono unawawasha sana kupekua, simamisheni lori.