Pampu Iliyobaki Kabatini

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, Wete. Mbele yangu mama mmoja wa makamo alifungua pindo la leso, akatoa pampu ya pumu na kuisogeza dirishani kwa kidole kimoja.

"Ya binti yangu. Wamenipigia simu, kifua kimembana tangu alfajiri. Nimpelekee hii?"

Mtoa dawa, mwanamke kijana, akaitikisa. "Hii haimfungui aliyebanwa, mama. Ni ya kukinga, huvutwa kila siku, asubuhi na jioni. Mbona iko kwako?"

"Kaolewa kisiwani Fundo, yumo fungateni. Nilimwambia aiache kabatini kwangu, wakweze wasijue ana pumu. Na alikuwa mzima, wallahi! Mwaka mzima hajabanwa."

"Alikuwa mzima kwa sababu akiivuta." Kisha akauliza taratibu, "Na huko wanamfukiza udi?"

"Kila jioni. Si bibi harusi?"

Mtoa dawa akaiweka pampu chini. "Wapigie sasa hivi. Wampandishe boti, wamlete hospitali."

Mama alishika simu, asibonyeze kitu. Akageuka, akatutazama sote kwenye foleni.

"Sasa niwaambie ana nini?"

Hina tunampaka bibi harusi, asumini tunamvika, kanga tunamjazia sanduku. Pumzi ndiyo tunayomzuilia, kwa kuona haya.

Mimi niliinamia cheti changu cha dawa za presha, nilichokuwa nimekwisha kukikunja mara nne ili jirani asikisome.