Damu Iliyobaki Maabara

Kisa hiki alinisimulia shangazi yangu wa Mweiga, wiki ile tuliyomzika mumewe, aliyeuawa na maambukizi ya damu. Alikuwa amerudi hospitalini Nyeri kuchukua koti la marehemu. Kwenye dirisha la maabara, mhudumu akamwomba ruhusa: damu ya mumewe iliyobaki baada ya vipimo itumike kuutafiti ugonjwa huo, ama imwagwe.

“Ati iko hapa bado?”

“Iko kwa friji, mama.”

Shangazi akaweka kiganja juu ya kioo. “Na vile alikuwa anachukia baridi. Wacha ikae. Lakini msimalize yote.”

Nasi tulidhani tumezika kila kitu. Mhudumu na shangazi wangali hai. Siku za soko shangazi hupitia dirishani, akauliza, “Bado mko naye?”