Ujumbe wa Damu Nilioachiwa Mlangoni

Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Nyumba yangu ya matofali, mashine ya kusaga na ng'ombe nilionao nilivitoa kwenye mashimo ya dhahabu ya Nyamongo kwa mikono hii. Nikiambiwa jambo nalibeba kichwani, na linafika. Siku ile halikufika kwa wakati.

Mwanangu wa tatu anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la Ikoma. Mkewe alijifungua asubuhi kwenye kituo cha afya, mtoto wa kike, na damu ikakataa kukata. Wakatuandikia rufaa kwenda hospitali. Mwanangu alikuwa mbali, nikakodi gari mimi. Nilikaa mbele na dereva. Nyuma alilala mkwe wangu, na mama jirani yetu amempakata mtoto. Kwetu baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe wala haingii alipolala. Ni heshima. Miaka minne alikaa kwenye boma langu, na sidhani kama nilimtazama usoni mara mbili.

Hospitalini wakamlaza wodi ya wazazi, kitanda cha mwisho. Nikasimama nje mlangoni. Mchana jirani akatoka kumtafutia uji.

"Mtoto amelala," akaniambia. "Na wewe mzee kaa chini basi, umesimama kama askari wa mgodi."

"Nenda kwenye uji wako," nikamwambia.

Hakupita muda nesi akatoka anakimbia. Walitakiwa kuwa wawili. Mwenzake alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa, kumsindikiza mama mwingine Musoma. Zamu ya huyu ilikuwa inaisha na chumba cha upasuaji walikuwa wanamwita.

"Shikamoo mzee. Wewe ni ndugu wa yule wa kitanda cha mwisho?"

"Marahaba. Ni mkwe wangu."

"Sikiliza. Damu ya kumwongezea iko tayari maabara. Nesi wa mchana akiingia tu, mwambie aifuate hapo hapo. Sijaandika kwenye kitabu cha ripoti, nitaandika nikitoka huko. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: binti, mimi humo siingii, tafuta mwingine. Sikusema. Mtu niliyezoea kutoa amri, nijieleze kwa msichana? Nikajua nesi mpya atapita hapo mlangoni, nami nitampa habari yake. Nikakaza macho kwenye njia ya geti.

Kumbe nesi huyo akaingia kwa mlango wa nyuma, ule wa upande wa jikoni. Nilijua yuko ndani niliposikia anaita.

"Ndugu wa kitanda cha mwisho! Huyu hana ndugu?"

"Nipo!"

"Uko wapi? Njoo!"

"Njoo wewe hapa mlangoni, nina neno."

"Mzee, niko peke yangu na wagonjwa wote hawa! Lete hilo neno humu!"

Mama mmoja aliyekaa kwenye benchi akacheka. "Ingia mzee, hawang'ati."

Sikuingia. Na kupaza sauti kutangaza damu ya uzazi ya mkwe wangu mbele ya wodi nzima, mdomo ulikataa. Nikasema jirani anarudi sasa hivi. Foleni ya uji ilikuwa ndefu. Nusu saa nzima nilisimama na habari ile mdomoni.

Jirani aliporudi nikamwambia. Uji aliuacha chini, akaingia mbio. Nesi naye akakimbia maabara. Chupa ilitundikwa, nilimsikia jirani akisema imetundikwa. Haikufika nusu. Kisha nikasikia jirani akipiga kilio cha msiba.

Kesho yake niliingia ofisi ya mganga mfawidhi bila hodi. Nikamwambia, "Wachungaji wangu wakipokezana ng'ombe wanasimama pamoja langoni. Anayeondoka anasema huyu anachechemea, yule amekataa majani. Hakuna anayeondoka mpaka mwenzake aseme nimeona. Ninyi mmesoma, habari ya damu mnaiacha kwa mzee mlangoni?"

Hakubisha. Akasema watu ni wachache, lakini kukabidhiana zamu ni kazi yao na hakukufanyika. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mzee, ulisikia ukiitwa?"

Nikamwambia nilisikia.

Wazee wenzangu wanasema nilifanya sawa, mtu mzima haingii kwa mkwe. Nawaacha waseme. Wale manesi wana kosa lao, nami sitalifuta kwa sababu langu lipo.

Mtoto analelewa na mama jirani. Mwanangu akitoka kazini anapita huko kwanza, anampakata hadi jua linaelekea kuzama, ndipo anakuja kwangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa."

"Nitakaa siku nyingine."

Hajaniuliza kitu mpaka leo. Akiuliza nitamjibu kama nilivyomjibu yule mganga.