Hakuna Anayetoka na Ndoo Tupu

Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa akatafute kwingine. Ila walionidhulumu nawataja bila kumung'unya. Mume wangu alipofariki kule Ilemba, shemeji yangu mkubwa alikuja na mkokoteni wa ng'ombe akabeba mahindi yote niliyoyalima kwa mgongo wangu, na mama mkwe ndiye aliyemshikia gunia mdomo wazi ili ajaze vizuri. Wa tatu ni mtendaji wa kijiji. Yeye alinipa mahindi ya msaada, kweli, lakini kwanza alinisimamisha mbele za watu na binti yangu mgongoni, akatupiga picha, akaibandika kwenye mlango wa ofisi. Mahindi tukayala yakaisha. Picha ikabaki pale mpaka binti yangu akaanza shule, na wenzake wakawa wanamwita "mtoto wa msaada".

Ndiyo maana tulipoanzisha stoo yetu ya chakula hapa Izia, wenzangu wakiongea habari za kufuli na panya, mimi niliongea habari za ndoo.

Stoo yenyewe ni chumba cha uani kwa bibi mmoja mjane. Zamani alikuwa anaweka mbolea humo, na mvua ikinyesha bado kinanuka. Wakati wa mavuno kila mtu analeta alichojaliwa: huyu mahindi, huyu maharage, huyu ulezi. Mama mmoja muuza dagaa akitoka Wampembe anatuletea wale waliovunjikavunjika, ambao sokoni hawana mteja. Tunapeta, tunaanika, tunatia dawa ya wadudu, tunapanga magunia juu ya mbao yasiguse sakafu. Mwezi wa kwanza na wa pili, mahindi yakiwa bado mabichi shambani na vihenge vimebaki vumbi tupu, tunafungua kila Alhamisi. Hakuna anayelipwa, na majina hatuandiki.

Habari ya ndoo ni hii. Kila anayekuja anakuja na ndoo yenye kifuniko, na ndoo haiji tupu. Anayeleta, yake ina mahindi. Mwenye shida anatia magunzi. Tukishafunga mlango tunamwaga: aliyeleta mahindi anaondoka na magunzi ya kuwashia moto, aliyekuja na magunzi anaondoka na mahindi au unga. Njiani huwezi kujua yupi ni yupi. Kinachotusaliti ni shingo, maana ndoo ya magunzi kichwani ni nyepesi. Mke wa mwenye duka la mabati, ambaye ndiye anayeleta kuliko wote, hajui kabisa kujifanya.

"Mama mabati, tembea kama umebeba!" muuza dagaa anampigia kelele. "Unarukaruka kama mbuzi!"

"Basi niwekeeni jiwe humo ndani!"

"Jiwe la nini, na makalio hayo?"

Tunacheka mpaka bibi anatufukuza.

Mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea, alianza kuja mama mmoja kijana wa Kisukuma, mtoto mgongoni. Mifugo yao ilikuwa imekufa kwa ugonjwa, mume ameteremka bondeni kutafuta vibarua na hajaleta habari. Alifika kwenye ua wa matete, akasimama, akageuka. Kesho yake vilevile. Mimi nilikuwa humo stoo napeta mahindi, namchungulia. Kugeuka kule nakujua, hakuna wa kunifundisha. Nikatoka.

"Shikamoo mama," akasema, macho chini.

"Marahaba. Nyumbani una magunzi?"

"Magunzi?"

"Yatie kwenye ndoo, funika, Alhamisi uje nayo. Ukikutana na mtu, mwambie unakwenda kwa bibi."

Alikuja. Nilipompimia alisema ng'ombe wakipatikana tena atatuletea maziwa. Nikamwambia, "Hapa nani kakuuliza habari za maziwa?" Nilimjibu kwa ukali, maana machozi yalikuwa yananijia.

Alhamisi iliyofuata yumo ndani, ndoo yake ndiyo kwanza imejazwa, tukasikia pikapu inaunguruma nje. Diwani. Ameleta viroba vya unga, vijana wake wanaviteremsha, na simu ameshaishika mkononi.

"Akina mama, hongereni kwa kazi! Nimewaletea unga. Sasa wale wanaopewa wajipange hapa mbele ya gari, tupige picha, watu waone."

Chumba kile kina mlango mmoja tu. Yule mama wa Kisukuma alinitazama, akavuta kitenge akamfunika mtoto uso. Nikajua akitolewa leo mbele ya ile simu, hatakanyaga hapa tena, hata kama mtoto anakufa.

Nikatoka. "Mheshimiwa, unga tunashukuru. Picha hapa hatupigi."

"Kwani picha inauma, mama?"

"Mimi iliniuma."

"Basi nyie wa kikundi kaeni pembeni. Nawataka wanaopewa."

Hapo bibi mwenye nyumba akatoka, ndoo kichwani, kifuniko juu, akaenda kusimama mbele ya pikapu. Nyuma yake akatoka muuza dagaa na ya kwake. Akafuata mama mabati na hereni zake za dhahabu. Wakatoka wote, na yule mama wa Kisukuma wakamweka katikati. Na mimi nikachukua ndoo nikajipanga.

"Haya, piga," bibi akasema.

"Nimesema wanaopewa!"

"Sote tunapewa, mwanangu."

"Hata huyu? Huyu mumewe anauza mabati mji mzima!"

"Napewa magunzi, mheshimiwa," mama mabati akajibu, na safari hii shingo kaikaza kweli, kama mwenye gunia zima.

Wanawake wakaangua kicheko. Diwani akateremsha simu, akasema tunamfanyia mchezo wa kitoto, akaamuru viroba virudi garini. Huyo naye nimemtaja. Mpaka leo hajaleta hata punje.

Pikapu ilipoondoka kicheko kiliisha. Mmoja wetu akasema, si kwa ubaya, "Unga ule ungetufikisha mwezi wa tatu." Na alikuwa anasema kweli.

Yule mama wa Kisukuma akatua ndoo, akafungua kifuniko. "Nayarudisha, mama. Mmekosa kwa ajili yangu."

Bibi akamwendea, akamfungua mtoto mgongoni, akampakata. "Mwaga basi. Lakini mtoto anabaki na mimi, maana yeye hajasema ameshiba."

Mtoto akamshika bibi pua kwa mkono wote, hataki kuachia. Bibi akawa anaongea Kifipa kwa sauti ya puani, na mama yake akacheka huku anajifuta uso. Nikaifunika ile ndoo mimi mwenyewe. Siku ile tulipunguza vipimo, hakuna aliyepata kilemba, ile nyongeza ya juu ya kopo, na hakuna aliyelalamika.

Kwangu ni njia ile ile ya kwake, nikawa namfuata kwa nyuma. Kwenye mashine ya kusaga akakutana na jirani yake, mke wa fundi baiskeli. Huyo wiki iliyopita nilimpimia unga kwa mkono wangu huu.

"Jirani, na ndoo hiyo unatoka wapi?"

Akashika kifuniko. "Kwa bibi. Nilipeleka vimahindi kidogo."

"Umefanya vizuri. Hata mimi wiki iliyopita nilipeleka. Tusaidiane, wapo wenye shida."

"Wapo," akasema yule Msukuma.

Wakaongozana, wanasimuliana habari za meno ya watoto. Mimi niliinama nikajifanya narekebisha kandambili, mpaka wakapotea kwenye kona.