Siku Kompyuta Ilipompa Mama Chebet Utajiri

Haya, nitawaambia, lakini mkicheka chekeni polepole, kwa maana miaka imepita na bado nikikumbuka masikio yangu yanapata moto. Niliaibika mbele ya shamba zima, mama yangu mzazi akiwa kwenye benchi la tatu, na sina mtu wa kumlaumu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwenye shamba moja la majani chai upande wa Kimulot. Nilikuwa karani wa mishahara, na acheni nijisifu kidogo: mimi Achieng, binti wa mchumaji chai, niliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, ndiye msichana wa kwanza wa nyumba zile kupewa kiti ofisini. Kampuni iliponunua kompyuta ni mimi waliyenipeleka Kericho mjini kusoma wiki mbili (si yule karani mwenzangu aliyekuwa akisema wanawake wanaogopa umeme), na niliporudi nilitembea na diski mkononi hata nikienda dukani kununua sukari. Mama naye alikuwa ameshatangaza kanisani.

Kompyuta hiyo ilikuja na programu ya kupanga kustaafu. Unaingiza malipo ya mtu ya mwaka mzima, nayo inachagua mwezi aliolipwa vizuri kuliko yote, inauzidisha kwa miaka aliyofanya kazi, inakupa kiinua mgongo chake. Lakini kwa kila malipo inakuuliza kwanza: haya yanakatwa kodi? Ukijibu ndiyo, yanahesabiwa kama mshahara. Ukijibu hapana, kwa mfano nauli ya likizo, yanawekwa kando. Na kwetu kulikuwa na malipo mengine ambayo waliotengeneza programu hawakuyaota: mfanyakazi akifiwa, sisi wote tulikatwa shilingi kumi kumi, na mchango huo ukapitia kwenye karatasi yake ya mshahara mwisho wa mwezi. Huo haukatwi kodi, nani atatoza matanga kodi?

Basi Alhamisi meneja akaniambia kesho kuna mkutano ukumbini, wote waliokaribia kustaafu wasomewe hesabu zao, na anayetaka kustaafu mapema aweke sahihi palepale. Majina arobaini! Na mimi jioni hiyo nilikuwa nimepanga kwenda mjini kuchoma nywele zinyooke, kwa sababu jamani, ningesimamaje mbele ya shamba zima na kichwa kama kiota? Nilianza vizuri, ndiyo, hapana, ndiyo, halafu nikaona jua linashuka, nikajiambia malipo ni malipo, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo mpaka mwisho, nikafunga ofisi, nikakimbilia saluni.

Ijumaa kompyuta ilipelekwa ukumbini kwa trela ya trekta, imefungwa blanketi langu mwenyewe, nami nimekaa kando nimeikumbatia, nywele zinang'aa. Nikaanza kusoma. Watu wakapiga makofi, nami nikawa nainua sauti kwa kila jina (kiburi hicho, Mungu anisamehe). Nilipofika kwa Mama Chebet, mchumaji wa miaka ishirini na sita, mjane, mtu wa watu, nikasoma kiasi ambacho hata nyapara mkuu hangekipata akifanya kazi mpaka Yesu arudi. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nyapara akasimama, akauliza, "Na mimi umenisahau ama?"

Mama Chebet alikuja mbele akilia kwa furaha. Akasema atanunua shamba Siongiroi, atoke kwenye mvua ya kila asubuhi, magoti yamechoka. Meneja akamsukumia barua na kalamu. Na barua yenyewe haikuwa mchezo: ukiweka sahihi, kazi imekwisha, na nyumba ya kampuni unairudisha mwisho wa mwezi. Akaandika herufi mbili za jina lake, polepole, kisha kalamu ikasimama.

"Ngoja kwanza, msichana yangu," akaniambia. "Hii pesa yote imetoka mwezi gani?"

Nikatazama kioo cha kompyuta. "Mwezi wa tano, mama."

"Mwezi wa tano?" Akageukia watu. "Mwezi wa tano si ndio tulizika Baba Chebet?"

Watoto waliokuwa dirishani wakaingiza vichwa ndani wasikie.

"Hiyo pesa ni nyinyi mlinichangia," akasema. "Sasa kampuni itanilipa hiyo mara ishirini na sita, eti juu ya bwana yangu kufa? Kwani nilimzika mara ngapi?"

Jamani. Watu hawakujua wacheke au walie, kwa hivyo walifanya yote mawili. Nilikuwa nimechukua mwezi mbaya kuliko yote katika maisha ya mama huyu nikauita mwezi wake mzuri, na kalamu ilikuwa bado mkononi mwake. Angemaliza jina, angefungasha vyombo, halafu aambiwe pesa hizo hazipo.

Meneja, mtu mpole, akaninong'onezea kwa huruma, "Sema tu mashini imekosa, Achieng. Nani atajua?"

Na nyinyi mnanijua, mimi ni mtu wa kujitetea. Lakini nilimwona mama yangu pale kwenye benchi, nikasikia mdomo wangu ukisema kwa sauti, "Mashini haijakosa. Mashini iliniuliza, mimi nikajibu bila kusoma, juu nilikuwa nakimbilia kuchoma nywele."

Heh! Nyapara alicheka mpaka akakalia ndoo ya maji. Mama yangu akajifunika uso kwa kitambaa. Nami nikakaa chini, jasho linanitoka na nywele zinaanza kurudi kiota, nikaanza upya mbele yao, jina kwa jina, nikisoma kila malipo kwa sauti na wenyewe wakinijibu: hiyo nauli, toa! hiyo ya kuchuma, weka! hiyo matanga, toa! Tulimaliza jioni. Kiinua mgongo cha Mama Chebet kilipotoka safari hii, hakikutosha hata robo ya shamba. Akakitazama, akairarua barua, akasema magoti yatavumilia miaka mitatu iliyobaki.

Sikulala. Jumatatu nilifika ofisini nikijua kiti changu atapewa yule karani wa umeme. Nikakuta foleni mlangoni, wachumaji na karatasi zao za mshahara, nyingine zimetolewa ndani ya Biblia, wakitaka hata hesabu zao za nyuma zisomwe kwa sauti vilevile. Yule mwenzangu akawaambia waje kwake, yeye hajawahi kukosea. Mama Chebet, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akamwangalia juu mpaka chini.

"Huyu tunajua penye anakosea," akasema, "na akikosea anasema. Wewe hatujui."

Akaketi mbele yangu, akanipa karatasi zake. Mpaka leo nikisimulia nacheka, lakini sijawahi kutukuka kama asubuhi ile, na wala sijabonyeza tena ndiyo kabla ya kumuuliza mwenyewe pesa yake ilitoka wapi.